Namba Moja kwa Wanachama Arobaini na Mmoja

Katika toleo lililopita tuligusia kwa sentensi mbili barua ya msomaji wa Njombe iliyohusu namba 2,147,483,647, tukaahidi kuijibu kwa kirefu. Kabla hatujaketi kuandika, wasomaji wengine wanne walikwisha kuleta maswali yao juu ya namba hiyo hiyo, kila mmoja kwa njia yake, na kwa hiyo ukurasa wote wa leo tumeuachia namba hiyo moja. Kwa anayependa kuisoma kwa sauti, ni bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Neno laki tumelitumia kwa makusudi, kwa sababu anayesema "elfu mia nne themanini na tatu" humwacha msikilizaji wake akijiuliza kama ametajiwa 483,000 au 400,083.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mtunza kumbukumbu wa chama cha akiba na mikopo hapa Njombe. Hivi karibuni tulihamisha orodha ya wanachama kutoka kwenye lahajedwali tulilolizoea kwenda kwenye programu mpya tuliyouziwa. Nilipotaka kuwatumia wanachama ujumbe wa mkutano mkuu, nikakuta watu 41 wana namba moja ya simu, nayo ni 2147483647. Nimeipiga, haipatikani. Wengine namba zao zipo, ila sifuri ya mbele imetoweka. Fundi aliyetuuzia programu anasema ni virusi. Namba hii ni ya nani?

JIBU: Si ya mtu, wala si virusi. Ni ukuta ambao namba zenu za simu zimegonga.

Kompyuta huandika kila namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1, na kila nafasi ya tarakimu moja huitwa biti. Kwa namba nzima ya kawaida, programu nyingi hutenga biti 32; moja kati ya hizo hutumika kuonyesha kama namba ni chanya au hasi, na zinazobaki kubeba thamani ni 31. Thamani za nafasi hizo, ukianzia kulia, ni 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea, kila moja ikiwa mara mbili ya iliyotangulia. Ukiweka tarakimu 1 katika nafasi nne za mwanzo unapata 1 + 2 + 4 + 8 = 15, ambayo ni 16 pungufu ya moja. Ukijaza nafasi zote 31 kwa namna hiyo hiyo unapata 2³¹ pungufu ya moja, yaani 2,147,483,648 kutoa 1, na hiyo ndiyo namba unayoiona mbele ya majina ya wanachama wako. Hakuna namba kubwa zaidi inayoweza kukaa katika nafasi hizo.

Sasa tazama orodha yako kwa makini. Bila shaka wale 41 ni wale ambao simu zao ziliandikwa kwa kuanza na 255, alama ya nchi. Namba ya namna hiyo ikichukuliwa kama hesabu ni zaidi ya bilioni mia mbili hamsini na tano, ambayo ni zaidi ya mara mia moja ya kile ambacho safu hiyo ya hifadhidata inaweza kubeba. Hifadhidata nyingine hugoma na kutoa onyo inapoletewa mzigo kama huo. Nyingine, kutegemea jinsi ilivyotegeshwa, huweka ile iliyo kubwa kuliko zote inazoziweza na kuendelea na kazi kama kwamba hakuna kilichotokea. Yenu ni ya aina ya pili. Wale walioandikwa kwa kuanza na 07 au 06 walipita salama, kwa sababu milioni mia saba na ushei bado iko chini ya ukuta, lakini kwa kuwa kompyuta iliambiwa kwamba hiyo ni hesabu, sifuri ya mbele haikuwa na thamani, ikatupwa.

Namba ya simu si kitu cha kujumlisha wala kutoa. Mwambie fundi aibadilishe safu hiyo iwe ya maandishi badala ya namba, kisha mrudie lahajedwali la zamani na kuingiza upya simu za wanachama hao 41, kwa maana zile za awali hazimo tena ndani ya programu na hakuna ujanja wa kuzitoa humo. Na kama programu hiyo inahifadhi pia akiba za wanachama kwa senti ndani ya safu ya aina hiyo, lichunguzeni hilo mapema, kwa kuwa ukuta utakuwa shilingi 21,474,836 na senti 47, kiasi ambacho chama cha ukubwa wa kawaida hukipita.

SWALI: Mhariri, salamu. Ninafundisha hisabati katika shule ya sekondari Kisumu. Niliwasomea wanafunzi wangu dokezo lenu la toleo lililopita, mmoja akauliza kama 2,147,483,647 ni namba tasa. Tumeigawanya kwa namba tasa zote hadi 100 tukitumia kikokotoo, na kila mara kuna baki. Je, tuendelee hadi wapi? Na watu wa zamani wasio na mashine wangejuaje?

JIBU: Ni tasa, Mwalimu, na imejulikana hivyo kwa uhakika tangu mwaka 1772. Swali lako la pili ndilo tamu zaidi, na tunaomba ruhusa ya kulijibu polepole.

Hadi wapi? Kama namba ina vigawo viwili, haiwezekani vyote viwili viwe vikubwa kuliko kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na ushei, kwa hiyo ukifika hapo bila kupata kigawo unaweza kuweka kalamu chini. Lakini kuna namba tasa 4,792 chini ya kiwango hicho, na kugawanya kwa mkono mara elfu nne na mia saba, kila mara namba ya tarakimu kumi, ni adhabu ambayo hatungemtakia hata mwanafunzi mtoro. Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi St Petersburg, hakuifanya. Mwaka huo alikuwa na umri wa miaka 65 hivi na alikuwa karibu kipofu kabisa. Aliandika matokeo katika barua kwa mmoja wa wanahisabati wa ukoo wa Bernoulli, na barua hiyo ikachapishwa na chuo cha wanasayansi cha Berlin.

Alichokifanya ni kuuliza kwanza kigawo cha namba hii kingeweza kuwa na umbo gani. Wape wanafunzi wako mchezo huu. Chukua namba tasa witiri yoyote, kwa mfano 23. Anza na 1, uzidishe kwa 2, na kila ukipita 23 ubaki na baki tu: 1, 2, 4, 8, 16, kisha 32 inakuwa 9, halafu 18, 13, 3, 6, 12, na mwisho 24 inakuwa 1. Umerudi ulipoanzia baada ya hatua 11. Kwa 7 unarudi baada ya hatua 3, yaani 1, 2, 4, 1. Mfaransa Pierre de Fermat aliligundua hili katika karne ya 17: idadi ya hatua za mzunguko huo daima hugawa bila baki ile namba tasa pungufu ya moja. Kumi na moja hugawa 22, na 3 hugawa 6.

Sasa tuseme kuna namba tasa fulani, tuiite K, inayogawa 2³¹ − 1 bila baki. Maana yake ni kwamba 2³¹ ikigawanywa kwa K hubaki 1, yaani baada ya hatua 31 tumerudi kwenye 1. Basi mzunguko wa K lazima uingie mara kamili ndani ya 31. Lakini 31 nayo ni tasa, kwa hiyo mzunguko ni wa hatua 1 au wa hatua 31, na wa hatua 1 hauwezekani, kwa kuwa ungetaka 2 yenyewe ibakize 1. Umebaki wa 31. Kwa hiyo 31 hugawa K − 1, na kwa kuwa K ni witiri, 62 pia hugawa K − 1. Kwa pigo moja, namba zote tasa ambazo wanafunzi wako walizijaribu hadi 100 zimeondoka mezani. Hakuna hata moja kati yake iliyokuwa na nafasi. Jasho lao halikupotea, lakini halikuhitajika.

Euler aliongeza kichujio cha pili. Kwa kuwa 2³¹ hubakiza 1, 2³² hubakiza 2, na 2³² ni kipeo cha pili cha 2¹⁶. Hivyo machoni pa K, namba 2 ni baki la kipeo cha pili cha namba nzima. Namba tasa zenye sifa hiyo ni zile tu ambazo zikigawanywa kwa 8 hubaki 1 au 7. Ukiunganisha vichujio viwili, kigawo chochote cha namba yetu lazima kiwe kimoja kati ya vinavyobaki 1 au 63 vinapogawanywa kwa 248. Namba za umbo hilo zilizo kubwa kuliko 63 na zisizozidi 46,340 ni 372 tu, nazo nyingi si tasa. Kumi za mwanzo ni 249, 311, 497, 559, 745, 807, 993, 1,055, 1,241 na 1,303. Waulize wanafunzi ni ngapi kati yake zilizo tasa: watakuta 249 ni 3 mara 83, 559 ni 13 mara 43, 1,241 ni 17 mara 73, na mwishowe watabaki na mbili tu, 311 na 1,303. Wakigawanya namba yetu kwa 311 watapata 6,905,092 na baki 35. Wakigawanya kwa 1,303 watapata 1,648,107 na baki 226. Namba tasa zinazobaki katika orodha nzima ni chini ya mia moja. Darasa la wanafunzi arobaini, kila mmoja akipewa mbili au tatu, linaweza kuthibitisha kazi ya Euler ndani ya kipindi kimoja.

Wengine walijaribu kukisia kabla yake. Pietro Cataldi wa Bologna, aliyethibitisha kwa haki kwamba 2¹⁷ − 1 na 2¹⁹ − 1 ni tasa, alidai pia kwamba vipeo vya 23, 29, 31 na 37 hutoa namba tasa. Fermat alimwangusha mwaka 1640 kwa vipeo viwili: 2²³ − 1 hugawanyika kwa 47, na 2³⁷ − 1 hugawanyika kwa 223. Euler mwenyewe akamwangusha kwa kipeo cha 29, kwa kuwa 233 huingia. Angalia jinsi sheria inavyofanya kazi: 47 ni mara mbili 23 jumlisha 1, 223 ni mara sita 37 jumlisha 1, na 233 ni mara nane 29 jumlisha 1. Kati ya madai manne ya Cataldi moja tu lilisimama, hilo la 31, na kwa maoni yetu mtu anayepatia moja kati ya manne hajathibitisha kitu. Ndiyo maana sifa ni ya Euler.

Wanafunzi wenye kompyuta wana njia fupi zaidi, inayotokana na kazi ya Mfaransa Édouard Lucas na baadaye Mmarekani Derrick Lehmer. Anza na 4; kila hatua zidisha namba uliyonayo kwa yenyewe, toa 2, na ubaki na baki la kugawanya kwa namba unayoichunguza. Kwa 2⁵ − 1, yaani 31, unapata 4, kisha 14, kisha 194 ambayo inabakiza 8, kisha 62 ambayo inabakiza 0. Sifuri katika hatua ya tatu, ambayo ni kipeo 5 kutoa 2, ni cheti cha utasa. Kwa namba yetu sifuri hujitokeza katika hatua ya 29.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kompyuta, Dodoma. Mwenzangu anadai kwamba waliobuni kompyuta waliichagua 2,147,483,647 kuwa kikomo kwa sababu ni namba tasa, na namba tasa hulinda siri. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na ushahidi uko kwa majirani zake. Kompyuta za zamani zenye namba za biti 16 zilikuwa na kikomo cha 2¹⁵ − 1, yaani 32,767, na hiyo ni 7 mara 31 mara 151. Kompyuta za leo zenye namba za biti 64 zina kikomo cha 2⁶³ − 1, ambacho ni 9,223,372,036,854,775,807, na hicho hugawanyika kwa 7, kwa 73, kwa 127 na kwa nyingine zaidi. Hakuna mhandisi aliyelalamika. Biti 32 zilichaguliwa kwa urahisi wa mashine, moja ikatolewa kwa alama ya chanya na hasi, ikabaki 31. Kwamba kipeo cha 31 kinatoa namba tasa ni bahati tu. Kipeo cha 15 na cha 63 havingeweza kamwe, kwa kuwa vyenyewe hugawanyika: 15 ni 3 mara 5, na kwa sababu hiyo 2³ − 1 na 2⁵ − 1, yaani 7 na 31, vyote huingia ndani ya 32,767.

Hata hivyo mwenzako asicheke wala asilie, kwa kuwa kuna kazi moja ya kompyuta ambayo utasa wa namba hii umetumika kweli, nayo ni kutengeneza namba zinazoonekana kama za bahati nasibu. Chukua 1, uizidishe kwa 16,807, ambayo ni 7 kwa kipeo cha 5, kisha ugawanye kwa 2,147,483,647 na ubaki na baki. Rudia kwa baki hilo. Unapata 16,807, halafu 282,475,249, halafu 1,622,650,073, na hapo tayari macho hayaoni tena mpangilio wowote. Mwaka 1988 Wamarekani Stephen Park na Keith Miller waliipendekeza njia hii kuwa kiwango cha chini ambacho mbinu nyingine yoyote ya aina hiyo ingepaswa kukifikia, na programu nyingi zimeibeba. Kwa kuwa kigawanyio ni tasa na 16,807 imechaguliwa vizuri, mfululizo hupitia kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, kabla ya kurudi mwanzo. Kuhakikisha kwamba 16,807 imechaguliwa vizuri kunahitaji kuijua jirani ya chini, 2,147,483,646, ambayo ni tofauti kabisa na mwenzake: ni 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Jirani ya juu nayo ni 2 tupu, iliyozidishwa mara thelathini na moja. Katikati ya hao wawili imekaa hii isiyozaa. Lakini kwa siri, hapana. Anayejua namba moja ya mfululizo huo anajua zote zinazofuata, na usiutumie kutengenezea nywila.

SWALI: Nimesikia redioni hapa Mombasa kwamba saa za kompyuta zitakufa mwaka 2038. Je, ni namba hii hii? Na itakuwa saa ngapi kwetu?

JIBU: Ni hii hii. Mifumo mingi ya kompyuta huhesabu wakati kwa sekunde zilizopita tangu mwanzo wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za kimataifa, ambao kwetu Afrika Mashariki ulikuwa saa tisa kamili usiku. Pale ambapo hesabu hiyo imewekwa katika namba ya biti 32, sekunde ya 2,147,483,647 ndiyo ya mwisho inayoweza kuandikwa, nayo itafika Jumanne, tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, saa ya Mombasa. Sekunde inayofuata mashine haitasimama, bali biti ya alama itageuka na hesabu itakuwa hasi, −2,147,483,648, na tarehe itasomeka 13 Desemba 1901. Angalia tofauti na mkasa wa Njombe: kule hifadhidata ilikata ziada, hapa hesabu inazunguka na kutokea upande wa pili.

Simu na kompyuta mpya nyingi zimekwisha kuhamia biti 64, ambazo kwa sekunde zinatosha mabilioni ya miaka. Wasiwasi uko kwa vifaa vilivyofungwa ukutani au ndani ya mitambo, vile ambavyo hakuna anayekumbuka kuvibadilishia programu. Onyo dogo lilikwisha kutolewa Desemba 2014, pale YouTube ilipotangaza kwamba video moja ya mwanamuziki PSY wa Korea Kusini ilikuwa imetazamwa mara nyingi kuliko 2,147,483,647, na kwamba kihesabio chake kimepanuliwa hadi biti 64.

SWALI: Mhariri, nimestaafu ualimu hapa Tanga, na hisabati ndiyo bao langu la jioni. Nijuavyo, 31 ni tasa na inatokana na 2⁵ − 1. Mkisema 2³¹ − 1 pia ni tasa, basi nikiiweka 2,147,483,647 yenyewe kuwa kipeo cha 2 na kutoa 1, je, nitapata tasa nyingine? Na je, kuna faida yoyote ya kujua haya?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Tuanze na faida, kwa sababu ulivyouliza umemkumbusha mwandishi wa ukurasa huu Mwingereza Peter Barlow. Wagiriki wa kale walizipenda namba timilifu, zile ambazo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinaleta namba ile ile: 6 ni 1 + 2 + 3, na 28 ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Euclid alionyesha kwamba kila namba tasa ya umbo letu huzaa timilifu moja, na Euler akathibitisha kwamba timilifu zote shufwa huzaliwa kwa njia hiyo. Namba yetu, ikizidishwa kwa 2³⁰, huzaa 2,305,843,008,139,952,128. Mwaka 1811 Barlow aliandika kwamba timilifu hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kupatikana, kwa sababu namba hizo ni za kustaajabisha tu bila manufaa, na hakuna mtu atakayejisumbua kutafuta nyingine. Mwaka 1883 padri wa Urusi, Ivan Pervushin, alijisumbua, akaonyesha kwamba 2⁶¹ − 1 ni tasa. Oktoba 2024 ikatangazwa 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu 41,024,320, ambayo kuichapisha katika gazeti hili kungetaka kurasa maelfu kwa maelfu.

Kuhusu ngazi yako, wazo ni zuri na wengi wamelipenda. Ukianza na 2 unapanda hadi 3, kisha 7, kisha 127, kisha 2¹²⁷ − 1, na zote ni tasa; hiyo ya mwisho ilithibitishwa na Lucas mwaka 1876. Ukianza na 5 unapanda hadi 31, kisha 2,147,483,647. Hatua inayofuata ni namba yenye tarakimu zaidi ya milioni 646, ambayo hakuna atakayeimaliza kuiandika kwa mkono, na ungedhani hakuna atakayejua lolote juu yake. Lakini kichujio tulichomwonyesha mwalimu wa Kisumu hufanya kazi hata hapa. Kigawo chake, kama kipo, lazima kiwe namba shufwa fulani mara 2,147,483,647, jumlisha 1. Watafutaji walipanda kwa mpangilio huo, kipimo baada ya kipimo, hadi walipofika mara 137,490, wakapata 295,257,526,626,031. Hiyo inaingia bila baki. Ngazi ya 5 inakatikia hapo, Mwalimu.